Uungwana na Utumwa katika Tungo za Kale za Lamu: Tatizo la Ufundishaji

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitoa hoja yao mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Nairobi ya kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Miongoni mwa matunda ya hoja hiyo ni kwamba fasihi ya watu weusi wa Visiwa vya Karibi na Marekani ilipata mahali pa heshima katika vyuo vya Afrika Mashariki. Mwanafunzi anayesoma habari za utumwa na athari zake aghalabu hukutana na Olaudah Equiano, aliyechapisha maisha yake London mwaka 1789, na Frederick Douglass, aliyechapisha ya kwake mwaka 1845. Matokeo yake ni kwamba huifahamu merikebu ya Atlantiki kabla ya kulifahamu jahazi la Amu.

Pengo hili halikutokana na uvivu wa walimu peke yake. Equiano na Douglass walikuwa watumwa, nao waliandika. Katika visiwa vya Lamu waliotunga na kunakili walikuwa waungwana, na maandishi yao ndiyo yaliyohifadhiwa. Hata nathari ya kwanza ya Kiswahili inayosimulia maisha ya mtu mmoja kwa marefu na mapana, iliyochapwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, ni ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanya biashara ya watumwa na pembe. Aliyeuza alisema, waliouzwa hawakupewa kalamu. Basi mwalimu wa fasihi ya Kiswahili anayetaka kufundisha habari za utumwa ana kazi ngumu kuliko mwenzake anayefundisha fasihi ya Marekani, kwa maana sharti amtafute mtumwa ndani ya kazi za bwana wake.

Makala haya yanadai kwamba kazi hiyo inawezekana, na kwamba isipofanywa kuna hasara. Urithi wa utumwa katika visiwa vya Lamu haumo katika magofu na mashamba tu. Umo pia katika maneno ya sifa na lawama ambayo tungo za visiwa hivyo zimeyapamba na kuyapitisha kwa vizazi, na hasa katika neno "uungwana". Tungo hizo zikifundishwa kama hazina ya adabu, bila kuulizwa adabu yenyewe ilipimwa dhidi ya nani, hukumu ya zamani huendelea kutolewa, safari hii kwa sauti ya mwalimu.

Hali halisi ya jamii ya visiwa

Katika karne ya 19 utajiri wa Amu, Pate na Siyu ulitegemea kwa kiasi kikubwa mashamba ya bara, ng'ambo ya visiwa, ambako watumwa walilima mtama, ufuta na mahindi. Mjini watumwa walipasua na kubeba mawe ya matumbawe, walijenga, walipika, walilea watoto wa waungwana na walifanya kazi majahazini. Marguerite Ylvisaker, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu Lamu ya karne hiyo, na Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashambani katika pwani ya Afrika Mashariki, wameeleza kwa kirefu jinsi kilimo hicho kilivyoiunganisha pwani na soko la Bahari ya Hindi.

Watumwa hawakuridhika. Sultani Ahmad, aliyejulikana kwa jina la Simba, alipoweka makao yake Witu katika miaka ya 1860, watoro kutoka mashambani walimkimbilia kwa wingi, wakawa raia na askari wake. Mwaka 1890 Waingereza waliuteketeza mji wa Witu. Hata hivyo hali ya utumwa haikuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, na sheria iliyoiondoa iliweka fidia kwa wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakulipwa kwa miaka ya jasho lao. Mwaka uliofuata, 1908, ilitungwa sheria ya hati za ardhi, na katika pwani kwa jumla wengi waliokuwa wakilima bila hati wakabaki maskota katika ardhi waliyoifyeka wao au wazazi wao. Uhuru uliokuja kwa njia hiyo ulimfungua mtu kamba bila kumpa mahali pa kusimama.

Upepeo na mkono uushikao

Tungo mbili za visiwa hivi hazikosekani katika kozi yoyote ya ushairi wa Kiswahili: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Wahakiki wamezisifu kwa haki. Ya kwanza husomwa kama mawaidha juu ya dunia isiyodumu. Ya pili kama wasia wa mama kwa bintiye juu ya dini na ndoa. Katika usomaji huo mtumwa huonekana kama chombo cha nyumbani, kama kitanda au taa.

Chukua maelezo ya raha za matajiri wa Pate katika Al-Inkishafi. Mshairi anaonyesha nyumba zenye taa, vyombo vya thamani na vitanda vizuri, na wenyewe wakilala huku wako watu wa kuwakanda, wa kuwapepea na wa kuwaimbia. Watu hawa hawapewi jina wala hawaitwi watumwa. Wanajulikana kwa kazi ya mikono yao tu. Halafu mji unaanguka, popo na ndege wanatawala kumbi, na mshairi anauliza wako wapi wakuu wale, akiwataja baadhi ya jamaa zake kwa majina. Hapo ndipo mhakiki anapaswa kusita kidogo. Mshairi anauliza walikokwenda waliopepewa, hamuulizi aliyepepea. Nyumba ilipoanguka mkandaji alikwenda wapi? Aliuzwa, alirithiwa, au alikimbia? Shairi linalosema kwamba mauti hayachagui mtu limechagua watu wa kuwalilia.

Kusema hivi si kumshitaki Sayyid Abdallah. Maudhui yake ni ghururi ya dunia, na waliokuwa na dunia ni mabwana. Lakini kumsoma kwa makini ni kuona kwamba hata toba ina tabaka. Mwungwana anaikana anasa yake, na katika kuikana anakana pia kazi ya watu walioitengeneza, kana kwamba upepo ule ulijivumia wenyewe.

Mwana Kupona binti Mshamu aliyajua mambo haya kwa karibu zaidi. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na alitunga akiwa mgonjwa, akimwusia bintiye namna ya kuishi. Miongoni mwa mausia hayo ni kwamba mume alalapo atunzwe asikose kupepewa. Upepeo unarudi tena, na safari hii utungo hauweki wazi ni mkono wa nani utakaoushika, wa mke au wa kijakazi. Utata huo una maana. Katika nyumba ya mwungwana kazi ya mke na kazi ya kijakazi zilikaribiana mno, na kwa sababu zilikaribiana ilibidi mpaka uchorwe kwa maneno. Mwana Kupona anauchora mahali pengine katika utendi, pale anapomwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, kwa kuwa watamharibia mwenendo.

Ubeti huo umewasumbua wasomaji wa siku hizi, na baadhi ya walimu huuruka. Kuuruka ni kosa la uhakiki, kwani ubeti huo ni ushahidi adimu. Watu hawakatazwi jambo lisilotendeka. Ikiwa mama anaona haja ya kukataza, basi mabinti wa waungwana walikuwa wakikaa na vijakazi, wakisikiliza hadithi na nyimbo zao na pengine kuwapenda. Chini ya katazo hilo kuna maisha ya pamoja ambayo utendi hautaki kuyaeleza lakini hauwezi kuyaficha. Mtumwa hasemi katika utendi huu, lakini anaogopwa kwa sababu anasema, na kwa sababu anasikilizwa.

Ushahidi wa nje ya maandishi unaafiki. Wanawake wa kiungwana wa Amu walipotoka njiani walifunikwa na shiraa, hema la kitambaa lililobebwa kwa fito na vijakazi. Ili mwungwana asionekane ilimlazimu mtumwa aonekane. Utumwa ulipokoma shiraa nayo ikatoweka, na buibui likashika mahali pake, vazi ambalo mwanamke hulivaa mwenyewe bila kubebewa na mtu. Uchunguzi wa Linda Donley juu ya nyumba za mawe, uliotolewa katika miaka ya 1980, nao umeeleza jinsi mpango wa nyumba ulivyoonyesha mamlaka ya mwenyewe juu ya wake, watoto na watumwa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ulistahili. Lakini anayezisifu nyumba kwa ajili ya zidaka na milango yake, asikumbuke migongo iliyobeba mawe, anaisoma nyumba kama vile wengi wanavyoisoma Al-Inkishafi.

Maneno yaliyobaki

Mwanaisimu ana neno la kusema hapa. "Mwungwana" alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa. Leo ni mtu mwenye adabu na utu, na hata mpinzani katika mabishano huambiwa awe mwungwana. Maana ya pili haikuizika ya kwanza. Imejengwa juu yake. Kinyume chake, "mjinga" wa karne ya 19 katika pwani alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyeijua bado lugha wala desturi, akitofautishwa na "mzalia", aliyezaliwa pwani. Leo mjinga ni mtu asiye na akili au maarifa. "Mtoro" alikuwa aliyemkimbia bwana wake. Leo ni mtoto asiyehudhuria shule, na mwalimu hutamka neno hilo aitapo majina asubuhi bila kufikiri juu ya Witu. Yaani sifa zilimwendea asiyefungwa, na lawama zikamwangukia aliyeletwa na aliyekimbia.

Lugha hata hivyo haikutii upande mmoja tu. "Mtumwa" ni aliyetumwa, na kitenzi hichohicho cha kutuma kimezaa "mtume", jina tukufu katika dini ya watu hawa hawa. "Uhuru", ambao mwaka 1963 ulikuwa wa taifa zima la Kenya, ulikuwa kabla yake jambo la mtu mmoja mmoja aliyeachiliwa na bwana wake. Na ipo methali isemayo kwamba mwungwana ni kitendo. Mhakiki hana budi kujiuliza methali hiyo ilimfaa nani. Kinywani mwa bwana ni mawaidha kwa wanawe wasitegemee nasaba. Kinywani mwa mtumwa au mwana wa mtumwa ni dai: ikiwa uungwana hutokana na tendo, basi mlango u wazi. Neno liligombaniwa, na maana ya leo ya adabu na utu ni dalili kwamba waliokuwa nje nao walivuta kamba.

Mvutano huo ulionekana Amu kwa macho. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliwafundisha dini watumwa na waliokuwa watumwa pamoja na watu wengine wasiokuwa na cheo, na akaanzisha Msikiti wa Riyadha upande wa Langoni. Usomaji wa maulidi kwa matari uliostawi hapo ulipingwa na baadhi ya waungwana. Abdul Hamid el-Zein, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alionyesha kwamba ubishi huo wa ibada ulikuwa pia ubishi wa vyeo: ni nani anayeweza kumkaribia Mtume, na kwa njia gani. Maulidi ya Lamu yanayowavuta wageni kila mwaka yana mzizi wake katika ubishi huo.

Maoni matatu ya wanafunzi

Suala hili likizushwa katika madarasa ya fasihi, maoni ya wanafunzi aghalabu hugawanyika mafungu matatu, na kila fungu linastahili kujibiwa kwa hoja.

La kwanza husema kwamba utumwa wa pwani ulikuwa jambo la wageni, yaani Waarabu, na kwa hiyo hauihusu fasihi ya Kiswahili. Rai hii ina historia yake. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934, aliwapa waliotekwa nafasi ya kuonekana kama watu wenye safari na uchungu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini alilipanga simulizi lake katika sura ya Mwarabu mkatili na Mwingereza mkombozi, na sura hiyo ikaingia katika vichwa vya wanafunzi wengi. Hapo Mwingereza aliyewalipa wenye watumwa hasahaulika tu, bali hugeuka shujaa. Msamiati wenyewe unapinga rai hii. Suria na huru ni maneno ya asili ya Kiarabu, lakini mtumwa, mtwana, mjakazi, mzalia na mtoro ni maneno ya Kibantu. Utumwa wa visiwa hivi ulizungumza Kiswahili, na Kiswahili hakiwezi kujitenga nao.

Fungu la pili husema kwamba utumwa huu ulikuwa wa upole: mtumwa alikuwa kama mwana wa nyumba, sheria ya dini ilihimiza kumwacha huru, na mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana alikuwa huru kama ndugu zake. Mambo haya ni kweli, na mwalimu asiyafiche. Lakini upole ulikuwa wa bwana kutoa au kuzuia, na kitu cha kuzuiwa na mwingine si haki. Zaidi ya hayo, watumwa wenyewe walitoa maoni yao. Hawakuyatoa kwa kalamu, waliyatoa kwa miguu, kwa kwenda Witu. Hoja hiyo ina uzito kuliko kumbukumbu za watoto waliolelewa na yaya aliyenunuliwa.

Fungu la tatu lina hasira, na hasira yake inaeleweka. Husema kwamba tungo za mabwana ziondolewe katika mitaala. Na wapo wanaotaka hata salamu ya shikamoo iachwe kwa kuwa ni salamu ya mnyonge kushika miguu ya mkubwa. Tatizo la rai hii ni kwamba inamaliza ushahidi pamoja na kosa. Ukiuondoa Utendi wa Mwana Kupona umeondoa pia katazo lile, na pamoja nalo kivuli cha vijakazi waliokaa na mabinti wa Siyu na Amu. Mtumwa aliyenyamazishwa na mshairi atanyamazishwa mara ya pili na kamati ya mitaala.

Namna ya kufundisha

Lipo jambo moja la tahadhari kabla ya yote. Katika miji ya visiwa hivi kuuliza nasaba ya mtu kunaweza kuwa tusi, na kozi ya chuo kikuu isije ikawa mahali ambapo mwanafunzi wa Amu, Faza au Mkunumbi anatakiwa aeleze wazee wake walikuwa nani. Mwalimu anayewagawa wanafunzi wake hivyo anaifanya upya kazi ya daraja za zamani, hata kama nia yake ni njema. Kitu cha kuchunguzwa ni maneno na tungo, si damu ya waliomo darasani.

Kwa hiyo inafaa kila utungo wa kale usomwe kwa maswali mawili pamoja na yale ya kawaida ya fani na maudhui: kazi inayotajwa hapa inafanywa na nani, na mtendaji anapewa jina au hapewi? Maswali haya ni mepesi, lakini hubadilisha mizani ya usomaji. Pili, maneno kama mwungwana, mjinga, mzalia na mtoro yafuatwe katika kamusi za karne ya 19 na za baadaye, mwanafunzi aone mwenyewe jinsi hukumu ya kijamii inavyogeuka kuwa sifa ya tabia. Tatu, fasihi simulizi ya Langoni, ya Witu na ya vijiji vya bara ikusanywe na kusomwa sambamba na miswada ya waungwana. Nyimbo za kazi na visa vya kukimbia visiachiwe wanahistoria peke yao. Nne, Equiano na Douglass wasiondolewe. Wawekwe kando ya Mwana Kupona, ili mwanafunzi atambue tofauti ya kumsikia mtumwa akisema na kumwona akikatazwa kusikilizwa.

Tungo za Lamu hazitapungukiwa na uzuri kwa kusomwa hivi. Al-Inkishafi itabaki kuwa shairi kuu juu ya kupita kwa dunia, na itakuwa kuu zaidi mbele ya msomaji anayejua kwamba katika chumba kile cha kulala, kando ya kitanda, alikuwapo mtu aliyekuwa macho usiku kucha. Uhakiki ulioheshimu mabwana kwa muda mrefu haujachelewa kumwuliza mtu huyo jina lake. Na ikiwa mwungwana ni kitendo, basi hicho nacho ni kitendo kinachowapasa waungwana wa taaluma hii.